Gari Lisiloweza Kukaa Mbali



Kila aliyewahi kuendesha gari dogo nyuma ya lori kwenye barabara ya changarawe anajua la kufanya. Unalegeza mguu, unarudi nyuma. Unaliacha lori litangulie na vumbi lake, mawe yake yaanguke chini, ndipo wewe upite. Hilo hatufundishwi darasani. Tunafundishwa na kioo cha mbele, chetu wenyewe au cha jirani. Umbali ndio kinga ya kwanza ya gari, na haugharimu hata senti.

Leo nataka tulizungumzie gari ambalo limenyimwa kinga hiyo.

Huko Marekani na Kanada wako watu wengi, hasa wastaafu, wanaosafiri kwa gari kubwa lenye kitanda, jiko, choo na bafu ndani yake. Tuliite gari-nyumba. Lile kubwa kabisa lina umbo la basi, urefu wake unafika mita 12 na kuzidi, uzito wake unapita tani 10, na mara nyingi injini yake ya dizeli imewekwa nyuma. Kwa safari ndefu ni raha. Kwa shughuli ndogondogo ni mzigo, maana ukishaliegesha kambini, ukaunganisha umeme, maji safi na bomba la majitaka, huwezi kufungua yote hayo ili uende kununua mkate. Kwa hiyo mwenye gari-nyumba huvuta gari dogo nyuma yake. Akifika, analifungua na kuingia nalo mjini.

Hilo gari dogo kwa kawaida halipandishwi kwenye tela. Hufungwa kwa mkono wa chuma wenye umbo la herufi A, kwa minyororo ya usalama na nyaya za taa, kisha huvutwa likiwa limekanyaga chini kwa magurudumu yake yote manne. Si kila gari linakubali kuvutwa hivyo, kwa sababu giaboksi nyingi hazipati oili ya kutosha injini ikiwa imezimwa. Jeep Wrangler hupendwa sana kwa kazi hii, kwa kuwa ile giaboksi yake ya pili, inayogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma, ina nafasi ya nyutro. Ukiiweka hapo, magurudumu yanazunguka bila kuisumbua giaboksi kuu.

Kwetu, ukiona gari linavutwa kwa kamba ujue limekufa na linapelekwa gereji. Hili ni zima, pengine ni jipya kabisa, na linavutwa hivyo kwa maelfu ya kilomita. Ndani yake hamna mtu. Hamna wa kukanyaga breki akiona jiwe, wala wa kuzungusha usukani. Na halina namna ya kubaki nyuma, kwa sababu limefungwa.

Hebu tulipime jambo hili kwa hesabu, maana hesabu yake inaonyesha kila kitu. Ukienda kwa kilomita 90 kwa saa, unapita mita 25 kila sekunde. Kutoka tairi la nyuma la gari-nyumba kubwa hadi pua ya gari linalovutwa, tuseme ni mita 5. Jiwe likichomoka kwenye tairi, lile gari dogo linalifikia katika moja ya tano ya sekunde. Katika muda huo mvuto wa dunia huwa umeweza kulishusha jiwe kwa sentimita 20 tu. Kama lilirushwa juu kidogo, bado linapanda. Sasa mchukue dereva mwingine aliye nyuma kwa sekunde mbili nzima, yaani mita 50. Mengi ya mawe yaliyorushwa chinichini huwa yamekwisha kurudi ardhini kabla hajafika. Yeye atayakanyaga. Yule aliyefungwa atayapokea usoni.

Kuna jambo lingine ambalo watu hulielewa kinyume. Tunasema jiwe limelipiga gari. Ukweli ni kwamba jiwe lililonyanyuliwa na tairi mara nyingi halina mwendo mkubwa kwa barabara yenyewe. Limepaa kidogo mahali pale pale lilipokuwa limelala, na gari linaliendea kwa kasi yake yote. Kasi ya pigo, basi, ni kasi ya safari. Na nguvu ya pigo haipandi sambamba na kasi. Kasi ikizidi mara mbili, nguvu inazidi mara nne. Ukishusha mwendo kutoka kilomita 90 hadi 60, nguvu ya kila jiwe inapungua ikawa chini ya nusu. Nitaomba ukumbuke hesabu hii tutakapofika kwenye vifaa vya kununua, kwa sababu sijaona kifaa chochote kinachoshinda mguu uliolegezwa.

Mawe hayo yanatoka wapi, wakati Marekani ni nchi ya lami? Twende kaskazini, kwenye barabara kuu ya Alaska. Inaanzia Dawson Creek, katika jimbo la British Columbia nchini Kanada, inapita Yukon na kuishia Delta Junction, Alaska. Kwa wenye magari-nyumba hii ni safari ya maisha. Wengine huingoja mpaka wastaafu.

Barabara hii ilifyekwa mwaka 1942, baada ya Japani kushambulia Pearl Harbor na Marekani kuhofia kwamba Alaska ingekatwa na nchi nzima. Jeshi lilipeleka wahandisi na askari zaidi ya 10,000. Kama theluthi moja ya askari hao walikuwa Wamarekani Weusi, katika vikosi vilivyotengwa kwa rangi, wengi wao wakiwa vijana wa majimbo ya kusini ambao hawakuwahi kuona baridi ya namna ile. Kuanzia Machi hadi Oktoba walipasua njia kwenye misitu na matope ya zaidi ya kilomita 2,400. Kikosi cha askari Weusi kilichotoka upande wa Alaska kilikutana na kikosi cha askari Wazungu kilichotoka upande wa pili karibu na Beaver Creek, na pale njia ikawa imeungana. Raia waliruhusiwa kuitumia mwaka 1948, mwaka ule ule Rais Truman alipoamuru ubaguzi wa rangi uondolewe katika majeshi ya Marekani. Nalieleza hili kwa sababu mtu anaweza kupita njia nzima, akapiga picha za milima na dubu, asijue ni mikono ya nani iliyoifungua.

Leo barabara hiyo imewekwa lami, lakini chini ya sehemu zake, hasa karibu na mpaka wa Yukon na Alaska, kuna udongo unaobaki umeganda barafu mwaka mzima. Ukipata joto unayeyuka na kunywea, lami ya juu inabonyea na kupinda. Basi kila kiangazi mafundi huchimba vipande na kuvijaza changarawe, na magari hupita juu ya changarawe hiyo kwa kilomita kadhaa. Kwingine wametumia lami ile tunayoijua vizuri hapa Afrika Mashariki: lami ya moto hunyunyizwa, kokoto humwagwa juu yake, roli hupita kushindilia, na magari yenyewe humalizia kazi. Siku za mwanzo kokoto zisizoshika hutawanyika barabara nzima. Anayesafiri Kenya au Tanzania barabara ikiwa mpya anajua sauti yake chini ya gari.

Kuna nyingine kali zaidi. Barabara ya Dalton inaanzia kaskazini ya Fairbanks na kwenda hadi Deadhorse, kwenye visima vya mafuta karibu na Bahari ya Aktiki. Ni kilomita 666, na ilijengwa mwaka 1974 kwa ajili ya bomba la mafuta la Alaska. Sehemu kubwa ni changarawe hadi leo, na wenye njia ni madereva wa malori mazito. Kampuni nyingi za kukodisha magari zinakataza kabisa wateja kuingia huko. Na barabara ya Dempster, kutoka Yukon kwenda Inuvik, ina mawe ya mwamba uliopasuka wenye kingo kali. Hayo hayachubui rangi tu, yanachana hata matairi.

Sasa turudi kwenye tairi, maana hapo ndipo mambo yote yanapoanzia.

Jiwe hurushwa kwa njia tatu. Ya kwanza, tairi hukanyaga ukingo wa jiwe, likalibana, nalo likafyatuka kama mbegu ya tikiti ukiibana kwa vidole viwili. Ya pili, jiwe dogo hunasa kwenye kashata za tairi, likapanda nalo na kuachiwa nyuma. Ya tatu ndiyo ninayoiogopa kuliko zote. Gari-nyumba kubwa, sawa na lori, lina matairi pacha nyuma, mawili kila upande. Jiwe la ukubwa wa ngumi likijipenyeza katikati ya matairi hayo linabanwa sawasawa, linasafiri nayo kwa kilomita nyingi, na siku likichomoka linachomoka kwa nguvu zote. Utingo mzuri katika njia ya Tunduma au ya Malaba, lori likisimama, anashuka na kuchungulia katikati ya matairi, akiona jiwe analitoa kwa nondo. Kazi hiyo ya dakika chache imeokoa vioo vingi ambavyo wenyewe hawatajua kamwe. Wenye magari-nyumba wengi hawana utingo, na wala hawajui kwamba kuna kitu cha kuchungulia.

Nikija kwenye kinga, msimamo wangu ni huu: jiwe lizuiwe karibu na tairi linalolirusha, si karibu na kioo kinacholipokea. Sababu yake ni nyepesi. Pale linapotoka, jiwe linatoka kwenye eneo dogo, upana wa tairi na zaidi kidogo. Likisafiri mita 5 nyuma, mawe yamekwisha kutawanyika yakaenea upana wa gari zima, toka bampa hadi paa. Nyuma ya tairi utahitaji kipande cha mpira. Mbele ya gari utahitaji ukuta.

Kwa hiyo fedha ya kwanza iende kwenye mpira wa nyuma ya matairi. Uwe mzito na mgumu. Ule mwepesi ukipata upepo wa mwendo unapepea na kunyanyuka, na hapo mawe yanapita chini yake bila kuguswa. Wengine huufungia kipande cha chuma upande wa chini ili utulie. Ushuke hadi karibu na ardhi, lakini usiguse, kwa kuwa mpira unaoburuzika unaisha upesi na nao huanza kuchokonoa mawe. Na upimwe gari likiwa limebeba mzigo wake wote, maji na mafuta tele, kwa sababu gari tupu linasimama juu zaidi.

Watu wengi huongeza pazia la mpira la upana mzima, linaloning'inia nyuma ya gari-nyumba kutoka upande hadi upande. Faida yake ni kwamba linakamata pia mawe ya magurudumu ya mbele, ambayo hukimbia chini ya gari na kutokea katikati. Lakini hapa nina onyo. Kama injini iko nyuma, rejeta nayo mara nyingi iko nyuma, na ile hewa ya moto inatafuta pa kutokea. Ukiifungia kwa pazia zima, joto linarudi kwenye injini. Tambarare hutaliona; utaliona kwenye mlima mrefu, sindano ya joto ikipanda. Pazia la gari la namna hiyo liwe na matundu sehemu ya injini, na baada ya kulifunga, jaribu mlima ukiangalia geji kabla ya kuanza safari kubwa. Angalia na ekzosi inakoelekea, kwa maana ikipuliza moja kwa moja kwenye mpira itauunguza, na ikipuliza kwenye gari la nyuma italipaka masizi kilomita baada ya kilomita.

Hata pazia zuri kabisa halizuii yote. Mawe yakipiga mpira yanaanguka kwenye lami, yanadunda, na baadhi yake yanadunda kupita chini ya pazia. Hayo yanakuja chinichini na kulenga bampa, taa na shoo ya rejeta. Kwa ajili yake kuna turubai la wavu linalotandazwa katikati, juu ya ule mkono wa chuma, kutoka nyuma ya gari-nyumba hadi mbele ya gari dogo. Jiwe likipanda linakutana na wavu na kurudi chini. Wavu unapitisha hewa, unapinda wakati wa kukata kona, na ukichoka unabadilishwa. Kati ya vifaa vyote vya katikati, huu ndio ningeupendekeza.

Ngao ngumu ya plastiki inayosimamishwa kwenye ule mkono wa chuma siisifu sana. Inazuia, ndiyo. Lakini jiwe linalopiga kitu kigumu kilichosimama wima halifi pale, linarudi lilikotoka. Wako watu waliolinda gari dogo wakakuta mgongo wa gari-nyumba, rangi na dirisha la nyuma, vimetobolewa na mawe yaliyorudi. Ukiwa nayo tayari, iinamishe ili uso wake utazame chini, jiwe lidunde kuelekea barabarani.

Sasa gari lenyewe. Hapa lipo jambo ambalo watu hulisahau, na ndilo linalotupa nafasi. Gari linalovutwa injini yake imezimwa. Halina joto la kupoza. Gari linaloendeshwa huwezi kuliziba shoo, litachemka. Hili unaweza kuliziba kabisa. Ubao mwembamba, plastiki ngumu au hata boksi nene lililokatwa vizuri na kufungwa mbele ya shoo linalinda rejeta ya injini na ile ya kiyoyozi iliyo mbele yake, ambazo mapezi yake ni laini kiasi cha kupinda kwa kidole na mirija yake ikitoboka ni hasara kubwa. Sharti ni moja: lazima liondolewe kabla ya kuwasha gari na kwenda. Andika kwenye karatasi, ibandike kwenye usukani. Magari mengine hutakiwa na watengenezaji wake yawashwe kwa dakika chache kabla ya kuanza kuvutwa, ili oili izunguke kwenye giaboksi. Fanya hivyo kwanza, ndipo uzibe.

Taa za siku hizi si za kioo, ni plastiki ngumu. Hazipasuki kirahisi, ila huchakaa zikawa na ukungu, na mwanga wa usiku ukapungua. Karatasi nene ya plastiki angavu, ile inayobandikwa kwenye rangi, inazifaa sana. Aina hiyo ya karatasi ilianza kwenye helikopta za jeshi la Marekani wakati wa vita vya Vietnam, kwa kulinda mapanga yake yasiliwe na mchanga. Boneti, bampa, taa na vioo vya pembeni vikivikwa karatasi hiyo na fundi anayejua, vumbi na kokoto ndogo hazitaifikia rangi. Ni ghali, nakiri, na jiwe kubwa litaiachia alama hata hivyo.

Halafu kuna lile koti la turubai au la plastiki laini linalovalishwa gari mbele nzima, boneti mpaka kioo. Wengi hulinunua kwanza kwa sababu linaonekana kama linafunika kila kitu. Mimi naliona kuwa la hatari kuliko linavyodhaniwa. Vumbi la barabara ni unga wa mawe. Likiingia kati ya koti na rangi, na koti likawa linatikiswa na upepo saa nane mfululizo, una msasa juu ya gari lako. Mtu anavua koti jioni anakuta boneti haina tundu hata moja la jiwe, lakini imekwaruzwa ikapoteza mng'ao wote, hasa pembezoni ambako koti hupigwapigwa. Mvua ikinyesha, unyevu unabaki chini yake. Kama utalitumia, gari lioshwe likauke kabla ya kulivalisha, koti nalo lipanguswe kwa ndani kila siku, na mikanda ikazwe hadi lisitikisike. Ukiona kazi hiyo huiwezi kila asubuhi, liache dukani.

Kitu kingine kidogo kinachosahaulika ni vumbi la ndani. Kabla ya kuondoka, funga madirisha yote na uweke swichi ya hewa mahali pa kuzungusha hewa ya ndani. Vinginevyo utafungua mlango kambini ukute viti vimevaa rangi ya barabara.

Kioo cha mbele kinastahili maneno yake. Ni vioo viwili vyembamba vilivyogandishwa pamoja na utando wa plastiki katikati. Mfaransa Édouard Bénédictus alikata hati ya ubunifu wa kioo cha namna hiyo mwaka 1909, baada ya kuona chupa ya maabara iliyoanguka ikapasuka bila kutawanyika, kwa kuwa ndani ilikuwa imebaki na utando wa kemikali iliyokauka. Ndiyo maana kioo cha mbele kikipigwa jiwe hupata doa au ufa, na hakimwagiki kama vile vya pembeni. Na ndiyo maana kinaweza kutibiwa. Doa dogo, la ukubwa wa sarafu, fundi hulijaza gundi maalumu kwa kuinyonya hewa, kisha huigandisha kwa mwanga wa urujuanimno. Doa halipotei kabisa, lakini haliendelei.

Siri ni kuwahi. Doa likiingia maji na vumbi, gundi haishiki vizuri. Na baridi ya usiku wa kaskazini, ikifuatwa na hita ya asubuhi, hulifungua doa likawa ufa unaovuka kioo chote. Ukipigwa jiwe mbali na mji, safisha juu juu, kausha, bandika kipande cha selotepu angavu juu yake mpaka umfikie fundi. Zamani watu walisema kioo ni kioo, kitabadilishwa. Leo magari mengi yana kamera nyuma ya kioo cha mbele, ya kusoma mistari ya barabara na kufunga breki yenyewe. Kioo kikibadilishwa, kamera nayo lazima ipimwe upya, na gharama inapanda mara moja.

Nimesema juu ya mawe ya gari-nyumba lenyewe. Kuna na mawe ya wanaokuja mbele yako, na hapo hesabu inabadilika. Lori linalopishana nawe linarusha mawe kwa pembeni, na mengine yanakuja kukulaki. Kasi yako na kasi ya jiwe zinajumlishwa. Mpira wako haukusaidii chochote. Kinachosaidia ni kufanya wanavyofanya wenyeji wa Dalton: ukiliona lori linakuja, punguza mwendo mapema, sogea kulia kadiri barabara inavyoruhusu, lipite, vumbi litulie, ndipo uongeze tena. Wako ndugu zetu wa Kenya, Tanzania na Kongo wanaoendesha malori makubwa huko Marekani na Kanada, na pengine baadhi yao wananisikiliza. Nawaomba, mkipishana na gari-nyumba lililofunga gari dogo nyuma, nanyi legezeni mguu kidogo kwenye changarawe. Yule wa mbele anawaona na kujiandaa. Lile la nyuma halina mtu.

Na ombi hilo nalileta mpaka nyumbani, kwenye njia ya Dar es Salaam kwenda Tunduma, ambako magari yaliyoshushwa bandarini kutoka Japani yanaendeshwa kwa magurudumu yake kwenda Zambia na Kongo, nyuma na mbele ya malori. Mwenye gari anangoja Lusaka au Lubumbashi, ameshalipa. Lori lenye mpira uliokatika nyuma ya matairi linalitoboa gari la mtu ambaye hatakuwapo kudai. Kuufunga mpira mpya ni kazi ya saa moja gereji. Mmiliki wa lori anayeuacha ukiwa umekatika anawatupia wengine gharama yake, nami sioni sababu ya kulitafutia jambo hilo jina la adabu.

Baada ya yote hayo, kuna njia moja inayopita vifaa vyote, na haipendwi kwa kuwa inadai kazi. Kwenye kipande kibaya, lifungue gari dogo. Kama mko wawili wenye leseni, mmoja aendeshe kubwa, mwingine achukue dogo na kukaa nyuma sana, hata nusu kilomita, vumbi likizidi. Kwa hiyo lile gari linarudishiwa umbali wake, breki zake na macho ya dereva. Kipande cha matengenezo cha kilomita 10 mnakivuka kwa utulivu, mnafunga tena mkono wa chuma, mnaendelea. Wanaokwenda Dalton wengi huacha gari-nyumba kabisa Fairbanks na kupanda na gari linaloiweza changarawe, wakiwa na matairi mawili ya akiba. Naona huo ndio uamuzi wa watu wanaoiheshimu barabara.

Ila kumbukeni kwamba gari lililofungwa kwa magurudumu manne halirudishwi nyuma. Magurudumu yake ya mbele yanajikunja na mkono wa chuma unaweza kupinda. Kwa hiyo mahali pa kulifungulia pachaguliwe mapema, penye nafasi ya kutokea mbele, si ukingoni mwa barabara baada ya kukwama.

Na ukifika, osha. Barabara za changarawe za kaskazini, Dalton ikiwemo, humwagiwa chumvi ya kalisiamu kloridi ili vumbi lishike. Ikichanganyika na udongo inakuwa tope linalokauka ngumu kama saruji, na inakula chuma. Inaingia kwenye sehemu ambazo jiwe limeshachubua rangi, na hapo kutu inaanza. Osha chini ya gari kwa maji mengi, osha ule mkono wa chuma na viungo vyake, osha breki, osha soketi ya nyaya za taa na uhakikishe taa za nyuma zinawaka zote. Usisugue rangi ikiwa kavu. Lowesha kwanza tope lilegee, lishuke lenyewe. Kisha chukua tochi, pita kwenye matairi pacha ya gari-nyumba, moja baada ya jingine, uchungulie katikati. Nondo iwe mkononi.